SIKIO LA MTOTO LISIACHWE LIOZE

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Juma hili twapenda kusema juu ya masikio yasiyostahili kufa, nayo ni masikio ya watoto wetu wa Tabora na wa njia nzima ya zamani ya misafara, kutoka hapa hata Ujiji.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mwaka 1858 Mwingereza mmoja, Speke, alitoka Kazeh, ndiyo Tabora yetu, akaenda "kugundua" ziwa la kaskazini ambalo wenyeji walikuwa wakivua humo tangu enzi na enzi. Lakini habari ya sikio lake hatukufundishwa. Mwezi wa Machi mwaka huo huo, kabla hajaliona ziwa hilo, alikuwa akivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi. Usiku mmoja, kisiwani, dhoruba ilipiga hema lake. Alipowasha mshumaa, wadudu wadogo weusi wa jamii ya mbawakawa wakajaa tele, naye kwa uchovu akalala vivyo hivyo. Mdudu mmoja akamwingia sikioni akaanza kuchimba. Speke akamimina siagi iliyoyeyushwa, isifae. Ndipo akashika kisu cha mfukoni akachokoa.

Mdudu alikufa, lakini sikio nalo likaharibika. Usaha ulitunga, uso ukapinda, akashindwa kutafuna akawa wa kunywa mchuzi. Miezi mingi hakusikia kwa sikio hilo, na vipande vya mdudu viliendelea kutoka na nta. Kila akipenga kamasi, sikio lilipiga mluzi. Hayo aliyaandika mwenyewe.

Kosa la Speke halikuwa siagi. Kosa lilikuwa kisu. Naye alikuwa mbali na kila tabibu. Je, sisi tunajitetea kwa lipi? Tuna zahanati vijijini, na hapa mjini tuna Hospitali ya Kitete, lakini bado tunachokoa masikio kwa njiti za kiberiti, funguo na manyoya ya kuku. Mtoto akitoka usaha twasema, "Atakua, utakoma wenyewe." Ndugu, huo ni ujinga, na ujinga na maradhi ni maadui wanaotembea pamoja.

Yafaa tujue jambo hili. Kutoka nyuma ya pua kuna mrija mdogo unaofika ndani ya sikio. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua hupita upesi. Usaha hujaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto hulia usiku kucha, kisha ngoma hutoboka na maumivu hupungua. Mama hushukuru akidhani mtoto amepona, kumbe hapo ndipo hatari inapoanza. Usaha ukidumu zaidi ya majuma mawili, ugonjwa umekwisha kuwa sugu, nao hula uwezo wa kusikia kidogo kidogo.

Basi tufanye nini? Sokota kitambaa safi na laini, kiweke mlangoni mwa sikio kinyonye usaha, ukitoe, uweke kingine mpaka pakauke; mara tatu kwa siku au zaidi. Usiache kitu ndani. Mpeleke mtoto zahanati apewe dawa ya matone inayomfaa. Sikio linalotoka usaha lisitiwe mafuta, wala maji ya majani, wala maziwa, na mtoto asioge mtoni. Akivimba nyuma ya sikio, akikakamaa shingo au uso ukipinda, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mdudu akiingia katika sikio zima, mgonjwa alale ubavu, atiwe mafuta ya kula yenye uvuguvugu tu ili mdudu afe, kisha aende kwa mganga wa hospitali akamtoe. Lakini harage au punje ya mahindi isitiwe maji, maana itavimba. Na mtoto anayetoka kamasi yenye harufu mbaya tundu moja tu la pua, mara nyingi amejitia kitu humo.

Wako pia wanaopiga chafya mfululizo, macho yakiwasha na kamasi ikitoka nyepesi kama maji, bila homa. Huo ni mzio: mwili unakataa vumbi, chavua au manyoya. Hauambukizi, wala vidonge vya kuua vijidudu haviuponyi. Dawa yake ya kwanza ni kujitenga na kinachouleta. Na moshi, wa kuni au wa tumbaku, hudhuru pua na masikio ya kila mtoto. Watoto wetu wasikae ndani yake.

Shirika la Afya la Dunia lilisema mwaka 2021 kwamba karibu asilimia 60 ya watoto waliopotewa na kusikia wangeweza kuepushwa. Sisi wa Tabora hatuna haki ya kupuuza neno hilo, maana ni hapa ilipofunguliwa mwaka 1963 shule ya kwanza ya viziwi nchini. Shule hiyo ni fahari yetu, kwa kuwa kiziwi ni raia kamili mwenye haki ya elimu. Lakini ni aibu yetu mtoto aliyezaliwa akisikia apoteze masikio kwa usaha ambao ungetibika, kisha darasani achapwe kwa "ukaidi" na nyumbani aitwe mjinga.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa matawi na mabalozi walitaje jambo hili katika kila mkutano. Twawaomba walimu, mtoto asiyeitika aketishwe mbele na masikio yake yapimwe, kabla ya kushika fimbo. Na wazazi, wapelekeni watoto wapate chanjo ya surua na ya nimonia. Zamani mpagazi aliyeisikia ngoma ya kirangozi hakupotea njia. Watoto wetu nao wana safari ndefu mbele yao. Tusiwaache waianze bila masikio.