Tusiisumbue Seva, Bando ni la Abiria

Wana wa IT, tuambizane ukweli. Tuseme unatengeneza programu ya simu ya kumwonyesha abiria aliye stesheni ya Soga treni ya SGR imefika wapi. Wengi wetu tungeiandika iulize seva kila sekunde 2: "Imefika? Imefika?" Hizo ni mara 1,800 kwa saa, na majibu mengi ni yale yale. Bando linakata, chaji inaisha, treni bado iko Pugu.

Dawa ni kuzichukulia data kama mkondo. Muunganisho unabaki wazi, seva inatuma kukiwa na jipya tu. Njiani unachuja treni zisizosimama Soga, unatupa taarifa zinazojirudia, unageuza kilomita kuwa dakika, kisha skrini inajibadilisha yenyewe. RxJava na Kotlin Flow zina zana hizo tayari, tena bure.

Ndiyo, mwanzoni zinachanganya, na kosa likijificha katikati ya mkondo kulisaka ni kazi. Ila kazi hiyo ni yetu sisi tunaoandika programu. Tukiikwepa, anayelipa ni abiria aliyejiunga bando la siku. Basi kwenye projekti za mwaka wa mwisho tuulizane na hili: yako inakula MB ngapi kwa saa?