Kosa Wanalobebeshwa Marehemu

Jumapili moja hapa Baraka, mashariki mwa Kongo, nilikuta benchi la mbele kanisani limekaliwa na vijana saba wa Wazalendo, wapiganaji wa kujitolea wanaopigana upande wa serikali. Ni watoto wetu hao, wawili kati yao niliwafundisha shule ya Jumapili, na wakija kuomba wana haki ya kuombewa. Lakini kila mmoja alikuwa na hirizi shingoni, kifuko cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi mweusi, na mmoja aliyeacha vifungo vya shati wazi alikuwa na chale mbichi kifuani, bado zinang'aa mafuta ya mganga. Mchungaji akawaita mbele, akawapaka mafuta yake juu ya yale, akaomba risasi za adui zigeuke maji. Tukaitika amina. Hirizi hazikuguswa.

Nilimfuata mchungaji baada ya ibada nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba wazee wa kanisa walikwisha kukaa na kukata shauri: muda wote wa vita, mahubiri yasiguse habari za dawa ya vita, yale maji, hirizi na chale zinazosemwa kuzuia risasi. Shauri hilo ni baya. Mbele za Mungu ni dhambi, na akili aliyotupa Mungu mwenyewe inaliona kuwa ni uongo. Zaidi ya hayo, linawapa makamanda kitu ambacho mwanadamu yeyote mwenye bunduki hapaswi kupewa.

Najua yanayosemwa. Bukavu ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, Uvira ikafuata Desemba mwaka huohuo, na waliobaki kusimama njiani mara nyingi walikuwa vijana hawa, mtu na bunduki moja na ndala mguuni. Wanahitaji moyo, tunaambiwa, na dawa inawapa moyo. Sawa, ushujaa wao siupingi. Tunaambiwa pia kwamba dawa ni mila ya mababu na anayeikataa ana akili za kizungu. Lakini maji ya vita si ya sisi Wabembe peke yetu. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale aliyagawa Ngarambe, kusini mwa Tanganyika, na kabla vita vya Majimaji havijaisha mwaka 1907 watu kwa makumi ya maelfu walikuwa wamekufa, wengi kwa njaa. Mwaka 1964 wapiganaji wa Pierre Mulele kule Kwilu walikimbilia risasi huku wakitaja maji, na jina hilo la Mai-Mai tunalo mpaka leo. Hoja ya mila naiacha hapo.

Ninalotaka kulishika ni moja. Swali la kama dawa inazuia risasi lina jibu ambalo kila anayechimba makaburi anajua. Mimi nauliza jingine: kijana akifa, kosa linawekwa juu ya nani?

Mwaka jana nilikaa matangani katika lupango, yaani uani, kwa jirani. Mwanawe aliuawa juu milimani. Jioni wakaja wawili waliotumwa na kamanda, wakaketi kwenye mkeka, wakala bukari na ndagala tuliyowaandalia. Wa pili ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri: kijana alivunja sharti. Alikula sombe iliyopikwa na mwanamke aliyekuwa katika siku zake. Mama mtu alikuwa amekaa mlangoni, kilemba kimefungwa kiunoni. Aliacha kulia. Akauliza, "Ni nani alimpikia?" Hawakujua. Akauliza tena, na tena, mpaka dada zake wakamwinua wakampeleka ndani. Aliyekuwa akimlilia mwanawe sasa alikuwa anamtafuta mwanamke wa kumlaumu, na mwanawe alikuwa amekwisha kuhukumiwa.

Hivyo ndivyo dawa inavyofanya kazi, na ilifanya hivyo hapa kwetu kabla sijazaliwa. Mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akafika Kibamba Aprili 1965 kuwasaidia waasi wa wakati ule, na katika kumbukumbu zake za miezi ile ameeleza dawa ya wapiganaji wa Fizi na masharti yake matatu: usichukue kitu kisicho chako, usimguse mwanamke, usiogope. Anayekufa, basi aliiba, au alilala na mwanamke, au aliogopa. Shambulio lao la ngome ya Bendera, Juni 29 mwaka ule, likaishia vibaya. Mganga akajitetea kwa kutaja wanawake na woga, lakini wanawake hawakuwapo, na si wote walikuwa tayari kuungama woga. Akaondolewa, akatafutwa mganga mwingine. Lile wazo lenyewe, kwamba maji yanazuia risasi, halikushtakiwa na mtu. Miezi mitatu baadaye mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, walishuka kutoka ziwani hapahapa Baraka.

Mtu anayesema kweli juu ya jambo la mwili yuko tayari kukamatwa akikosea. Mganga wa hospitali anasema: wagonjwa wa kipindupindu wakipewa maji yenye chumvi na sukari mapema, na waliozidiwa wakiongezwa seramu mshipani, hatakufa hata mmoja katika mia; wasipotibiwa, anaweza kufa mmoja kati ya wawili. Ni neno linaloweza kuhesabiwa. Wakifa kumi katika mia, kituo kinaulizwa: maji yalichelewa? Seramu iliisha? Lawama inapanda juu, kwa mwenye madaraka. Dawa ya vita imefungwa kila mlango wa kuulizwa. Kijana akipona, dawa ni kali. Akifa, dawa ni kali na yeye ni mzinzi. Hapo lawama inashuka mpaka ndani ya kaburi, mahali pasipo na wa kujibu.

Na kamanda? Haulizwi kwa nini aliwapandisha watoto mchana kweupe, wala risasi zilizogawiwa zilikuwa ngapi. Sheria ya mwaka 2023 imeanzisha jeshi la akiba, na kwa mlango huo serikali imewakubali Wazalendo kuwa wake. Basi serikali ina deni kwa kila mama: jina la mwanawe liandikwe, mwili urudishwe, maelezo yatolewe. Neno "alivunja sharti" linalifuta deni hilo kwa sahani moja ya bukari.

Mchungaji wangu anasoma Biblia hiyohiyo ninayoisoma mimi. Shetani alimweka Bwana juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, malaika watamdaka, na Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, na hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Mungu waliyemwamini hakuwa amefungwa na sharti lao. Na Ayubu je? Amezika watoto kumi, wanakuja Elifazi, Bildadi na Sofari kumweleza kwa maneno mazuri kwamba lazima kuna kosa. Mwisho wa kitabu hasira ya Mungu inawawakia wao, na Ayubu ndiye anayetakiwa kuwaombea. Wale wawili waliokuja matangani walikuwa Elifazi na Bildadi. Kanisa linalowanyamazia limejifanya Sofari.

Tena, tusiwatupie lawama waganga peke yao. Alice Lakwena, kule Uganda mwaka 1986 na 1987, aliwapaka wafuasi wake mafuta kwa jina la Roho Mtakatifu, akawapa amri ishirini, na aliyepigwa risasi alihesabiwa kuwa na dhambi. Walisambaratishwa karibu na Jinja. Ilikuwa dawa ileile imevikwa joho. Na huku kwetu, mtoto akiharishwa na maji ya ziwa, mama huambiwa afunge siku tatu kwanza; mtoto akifa, huambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Nimesikia hayo kwa masikio yangu, kutoka midomo iliyokuwa imetoka kushiriki meza ya Bwana. Kama kanisa lenyewe linazika watoto na kuwashtaki mama zao, litapata wapi mdomo wa kumkemea mganga?

Usiniambie kanisa halina sauti wakati wa vita. Mapema mwaka 2025 maaskofu Wakatoliki wa CENCO na wachungaji Waprotestanti wa ECC walikwenda kuonana na rais, wakaenda Goma kuonana na waasi, wakalaumiwa kwa kuomba amani. Kama wale waliweza kukaa mbele ya wenye majeshi, mchungaji wa mtaa anashindwa nini kumwambia kijana wa miaka kumi na tisa avue kifuko cha ngozi kabla ya kuwekewa mikono? Anaogopa. Aseme basi kwamba anaogopa, nitamwelewa, nami naogopa. Ila asiupe woga jina la hekima.

Alisema mafuta yake ni ya kuwatia moyo wanaokwenda. Sawa. Lakini matanga ya jirani yangu yalikwisha bila yeye kufika. Aende sasa. Apite nyuma ya soko, aketi kwenye mkeka uleule, amwambie yule mama kwa Kibembe, ili asikie vizuri, kwamba mwanawe hakuvunja sharti lolote.