Kijiko Cheusi na Birika Linalong'aa



Juma hili ninayo barua ya dada mmoja wa upande wa Meru. Jina lake na kijiji chake nimevificha, kama alivyoomba. Baba yake, ambaye katika ujana wake alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa karibu na Usa River, amefariki dunia. Katika sanduku lake wamekuta birika la chai linalong'aa kama kioo, vijiko sita vyeusi, rupia nane za zamani, na bangili ya bibi isiyo na maandishi yo yote.

Kaka yake mkubwa amesema birika ni lake, maana yeye ndiye kifungua mimba. Vijiko apewe dada, vitamfaa jikoni. Kisha akaja mnunuzi kutoka mjini. Akalisifu birika, akataja bei iliyowafurahisha wote, halafu akasema, "Na hivi vijiko vichafu nitavichukua bure, niwapunguzie mzigo." Atarudi mwisho wa mwezi.

Dada anauliza maneno mawili. La kwanza: vitu hivi ni fedha kweli? La pili: akijua ukweli, amwambie kaka yake?

Dada yangu, umefanya jambo la akili sana kuzichora kwa penseli alama ulizoziona chini ya birika na nyuma ya vijiko. Nimezitazama. Basi sikiliza, nanyi wasomaji wengine sikilizeni, maana nyumba nyingi za Arusha na Meru zina kitu cha namna hii kabatini.

Fedha tupu ni laini mno, hupindika upesi. Kwa hiyo mafundi huichanganya na shaba kidogo ili iwe ngumu. Hapo ndipo udanganyifu hupata mlango, maana jicho haliwezi kujua shaba iliyomo ni kiasi gani. Ndiyo sababu mwaka 1300 mfalme wa Uingereza alitoa amri kwamba chombo cha fedha kikaguliwe, kisha kipigwe chapa ya kichwa cha chui kabla ya kuuzwa. Tangu mwaka 1478 mafundi wa London walipeleka kazi zao kwenye jumba la chama chao zikapimwe huko. Alama ile ni shahidi. Iliwekwa ili mnunuzi na muuzaji waone jambo moja.

Sasa tusome mashahidi wenyewe.

Kwanza, vitu vya Uingereza. Tafuta simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Maana yake ni kwamba katika sehemu 1000 za chombo, sehemu 925 ni fedha. Karibu naye utaona alama ya mji: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na taji ilikuwa ya Sheffield mpaka mwaka 1974. Iko pia herufi moja inayoonyesha mwaka wa ukaguzi, na herufi za jina la fundi. Ukiona na kichwa cha mfalme au malkia kimepigwa pamoja na hizo, mara nyingi ni dalili ya ushuru uliotozwa kati ya mwaka 1784 na 1890.

Pili, vitu vya Ujerumani, ambavyo kwetu si vigeni, kwa kuwa Wajerumani walitawala hapa na Boma lao la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lingali limesimama. Tangu tarehe 1 Januari 1888 sheria yao iliagiza mwezi mwandamo, taji, na tarakimu ya 800 au zaidi. Huko fundi hupiga chapa mwenyewe, na sheria humdai yeye akisema uongo. Sehemu 800 katika 1000 ni fedha.

Tatu, vitu vilivyopakwa tu. Herufi EPNS maana yake chombo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, kisha kimepakwa fedha nyembamba juu kwa nguvu za umeme. Mchanganyiko huo Waingereza waliuita "fedha ya Kijerumani", lakini ndani yake fedha hamna hata chembe. Wajerumani nao huandika Alpacca. Tena wengine hupiga tarakimu 90 peke yake. Jihadhari: hiyo si 900. Maana yake ni gramu 90 za fedha zilizotumika kupaka vijiko kumi na viwili pamoja na uma kumi na mbili. Fundi mwerevu huweka kila herufi ya EPNS ndani ya ngao yake ndogo, ili kwa mbali zionekane kama alama za kweli.

Dada yangu, ngao nne ulizochora chini ya birika ni hizo hizo: E, P, N, S. Na nyuma ya vijiko umechora mwezi, taji, na 800. Basi umekwisha kuelewa kwa nini mnunuzi alilisifu birika na kuvidharau vijiko.

Weusi usikutishe. Fedha ya kweli huwa nyeusi ikikutana na moshi, mayai, au mpira. Lakini usisugue kwa majivu, wala mchanga, wala dawa ya meno, maana utaifuta ile alama, na alama ikifutika shahidi amekufa. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha kwa kitambaa laini. Kama alama haisomeki, tumia kioo cha kukuzia, au piga picha kwa simu karibu na dirisha kisha uikuze.

Tena alama peke yake isikutoshe, maana mwongo aweza kuchonga chapa. Hata pete za tanzanaiti zinazouzwa mjini zikiwa na 925 zahitaji kupimwa. Sumaku haitoshi pia. Itakuambia chuma tu, bali shaba na mchanganyiko wa EPNS kwa kawaida huipita salama.

Kipimo kizuri ni maji. Tafuta mizani ndogo inayosoma sehemu za kumi za gramu. Pima kijiko kikavu, andika uzito wake. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Funga kijiko kwa uzi, ukizamishe chote bila kugusa chini wala pembeni, usome mizani. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili. Fedha ya 800 hutoa karibu 10.1, ya 925 karibu 10.4. Mchanganyiko wa nikeli hutoa karibu 8.7. Kwa mfano, kijiko cha gramu 61 kikiwa fedha ya 800 mizani itaonyesha 6 kamili majini. Kikiwa cha kupakwa itaonyesha 7. Lakini kitu chenye uwazi ndani, au mpini uliojazwa kitu kingine, hakipimiki hivi.

Bangili ya bibi nayo ipimwe vivyo hivyo, kama si ya uwazi ndani. Kukosa alama si kukosa fedha. Masonara wa pwani waliyeyusha riali za Maria Theresa, ambazo zina sehemu 833 za fedha, wakafua mapambo bila chapa. (Riali hizo zote zimeandikwa mwaka 1780, hata zilizopigwa karne ya ishirini, basi mwaka ule usikudanganye.)

Rupia zako ulizozieleza, zenye Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai, ni za Wajerumani. Kila moja ina uzito wa gramu 11.66, na sehemu 917 katika 1000 ni fedha, yaani zaidi kidogo ya gramu 10 na nusu. Usikubali ziyeyushwe. Wakusanyaji wa sarafu hulipa kuliko uzito wake, hasa zikiwa hazijasuguliwa.

Kabla ya kuuza, fanya hesabu. Vijiko sita vya gramu 61 ni gramu 366. Zidisha kwa 0.8, utapata karibu gramu 293 za fedha safi. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi ya gramu 31.1. Kisha nenda kwa masonara wawili wasiojuana, usimtajie wa pili bei ya wa kwanza. Birika nalo si takataka. Linatia chai vizuri, na ni ukumbusho wa baba. Ila thamani yake si ya fedha.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo zito. Waandika kwamba kaka akijua ukweli huenda akavitaka vijiko, na wewe umekwisha kuambiwa ni vyako. Wasema, "Nikinyamaza, sijaiba." Dada yangu, yule mnunuzi naye hakuiba. Alinyamaza tu. Yeye alijua alichokiona nyuma ya kijiko, akawaacha ninyi msijue. Ukinyamaza mbele ya kaka yako, utakuwa umemfanyia neno lile lile lililokukasirisha.

Lakini usimwambie faraghani, mkagombana wawili. Ngoja siku mama yupo, na wadogo zako, na mzee mmoja wa ukoo. Weka vitu vyote mezani. Mpe kaka kioo cha kukuzia, asome alama kwa macho yake mwenyewe. Pimeni pamoja. Andikeni kila kitu, uzito wake na alama yake, kila mtu atie sahihi. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Baada ya hapo gawanyeni, nawe usione haya kudai sehemu yako, maana wewe pia ni mtoto wa marehemu. Kama kaka atataka birika na vijiko vyote viwili, atataka mbele ya mama na mzee, na daftari likiwa wazi.

Na mnunuzi akirudi mwisho wa mwezi, mpokeeni kwa heshima, mpeni chai kutoka katika birika lile, na vijiko viwe vimefungwa sandukuni.

Kwaherini mpaka juma lijalo.