Sheria ya Numerike: jina, namba na alama ya kidole cha raiya viko mikononi mwa nani?

Kunako miji na vijiji vya mashariki mwa Kongo, telefone haiko tena chombo cha kuongelea tu. Njo benki, njo duka, njo mahali vijana wanatafutia kazi. Na kila siku inalia juu ya mesaji zenye hakuna mutu aliziomba: michezo ya kubashiri, zawadi za kushinda, nyimbo za kununua. Wengi wanafinya bila kusoma, kisha wanaona unite zimekatwa. Wanasema "njo vile iko" na kununua zingine. Lakini sheria ya inchi haisemi vile.

Tarehe 13 Machi 2023, Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi amri-sheria namba 23/010, yenye inaitwa Sheria ya Numerike. Iko na vifungu 390. Inagusa biashara ya kwenye intaneti, maandishi ya elektroniki, habari za mutu binafsi na makosa yanayofanyika kwa njia ya kompyuta na telefone. Kabla yake, kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kilikuwa tayari kimesema kama kila mutu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, na siri ya barua na mazungumzo yake ya telefone.

Juu ya nini raiya walihitaji sheria mupya? Wakaaji hawajasahau RAM. Kuanzia 2020, kila mwenye telefone alikatwa unite kwa jina la kuandikisha ile telefone: dola 1 kwa mwaka kwa ndogo ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G ao 4G. Zilikuwa zinatoka kidogo kidogo, bila mutu kuulizwa. Makelele yalipanda, kwa raiya na hata bungeni, mpaka malipo hayo yakaondolewa mwaka wa 2022. Wakati huo watu waliona kama karatasi inaweza kusainiwa Kinshasa na kuingia ndani ya mufuko wa muuza samaki wa Baraka bila yeye kujua. Waliona pia kama, raiya wakiuliza pamoja, mutu anaishia kujibu.

Matangazo na habari za mutu

Musingi wa Sheria ya Numerike ni ruhusa. Mwenye kuchukua jina, namba, picha, alama ya kidole ao habari za ugonjwa wa mutu anapashwa kumuelezea ni za kazi gani, na kuzitumia kwa kazi ile tu. Mwenye habari ana haki ya kuziona, kuomba zirekebishwe ao zifutwe. Kwa matangazo ni vilevile: kampuni haipashwe kumutumia mutu matangazo kama hakukubali, na yeye anapashwa kuwa na njia ya kuyakataa.

Hapa mashariki jambo hili ni zito kuliko pengine. Tangu Goma kuingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, banki zilifunga milango. Mushahara, pesa ya shule na musaada wa ndugu wa ngambo vikapitia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Mwenye kushika daftari ya kabine anajua nani amepokea ngapi, na siku gani. Wakimbizi wa ndani nao wameacha majina na alama za vidole kwenye liste za musaada, mara ingine zaidi ya mara moja. Liste kama hiyo ikianguka kwa mikono mibaya, inaweza kuonyesha familia fulani iko wapi na inatoka wapi. Mahali vita iko, hiyo inaweza kuhatarisha maisha ya watu.

Upande wa kazi

Mutafuta kazi naye anaacha kopi ya karte ya uchaguzi, picha na namba kwa kila mulango anaopiga. Wengi hawarudishiwe kitu, na hawajue kopi zilienda wapi. Wenye kupata kazi, mara nyingi wanaanza bila karatasi. Sheria ya kazi ya 2002, iliyorekebishwa 2016, inasema kontra inapashwa kuandikwa. Kama haikuandikwa, inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, mpaka patron aonyeshe kinyume. Mutu wa kazi ya siku kwa siku, akiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi 2, akichukuliwa tena mbele ya ile miezi 2 kuisha, hawezi kuitwa tena wa siku kwa siku. Kukiwa mabishano, inspekteri wa kazi njo anaanza kuyasikiliza, mbele ya tribinali.

Kisu chenye makali mbili

Sheria ya Numerike inakinga raiya, lakini inaweza pia kumukata. Kifungu cha 360 kinaazibu mwenye kuanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mutu kupitia mitandao: kifungo cha mwezi 1 mpaka 6, na faini ya franka 500.000 mpaka 1.000.000, ao moja kati ya hizo. Mwenye kupitisha tu sauti ya WhatsApp bila kuichunguza, naye anaguswa. Wanahabari wanaogopa kifungu hicho kisitumiwe kufunga midomo.

Na kuna tatizo ya karibu zaidi: Sheria ya Numerike iliunda mamlaka ya kulinda habari za watu, lakini mama wa Walikale ao wa Fizi atapeleka malalamiko wapi, barabara zikiwa zimefungwa?

Wakati huo jibu halijafika, kuna yenye kila mutu anaweza kufanya. Mbele ya kuacha kopi ya karte, aulize ni ya nini na itabakia kwa nani. Juu ya ile kopi aandike tarehe na kazi yake. Namba ya siri ya pesa asiipatie mutu, hata wa kabine. Na mesaji yenye ilikata unite asiifute: siku ya kulalamika, njo ushahidi.