Mlaji Ndiye Ajuaye Chumvi



Siku ya mkutano wa raia katika Athens ya kale, watumwa wa dola walipita sokoni wakiburuta kamba iliyopakwa rangi nyekundu. Waliokuwa wangali wanapiga soga walisukumwa kuelekea kilima cha Pnyx, na aliyezubaa alifika na doa kwenye vazi. Maamuzi mengine mazito yalihitaji raia 6,000.

Mwanafalsafa Aristotle, mzaliwa wa mji wa Stagira, aliishi Athens zaidi ya miaka 30 bila kupiga kura hata mara moja kilimani pale, kwa kuwa alikuwa mgeni. Hata hivyo, ndiye aliyeeleza vizuri kwa nini safari ile ya kilimani ina maana. Alifundisha kuwa dola huanzishwa ili watu wapate kuishi, lakini hudumu ili waishi vyema. Kuishi vyema huko alikuita furaha, nayo si raha ya siku moja wala wingi wa mali, bali ni maisha mazima ya kutenda wema. Na wema, kama ufundi, hupatikana kwa kuutenda. Utakuwaje mwadilifu chumbani peke yako, bila jirani wa kumtendea haki?

Mwalimu wake, Plato, hakuuamini umati. Mwaka 399 KK mahakama ya raia ilimhukumu kifo Socrates, mtu aliyempenda na kumheshimu. Katika kitabu chake kuhusu dola bora, Plato aliwakabidhi wanafalsafa usukani. Aristotle, aliyesoma kwake miaka 20, alikuwa na swali: utamu wa karamu huamuliwa na mpishi au na mlaji? Tena alisema karamu ambayo kila mtu ameichangia huweza kuishinda ile ya mfuko mmoja. Wazee wetu wangemwelewa upesi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini karamu ya Athens iliwafungia wengi mlango. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti, na Aristotle mwenyewe aliutetea utumwa. Hapo alikosea, na kosa lake litufunze kuthamini tulichonacho. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, mwanamke kwa mwanamume, mwenye shamba na asiye nalo.

Basi tuuhudhurie. Mkutano ujao wa kijiji au mtaa wako ukiitishwa, nenda. Omba mapato na matumizi yasomwe, tena kwa sauti ya kusikika nyuma. Mama unayeamka alfajiri kutafuta maji, wewe ndiye unayelijua bomba bovu, liseme. Kijana, usikae pembeni na simu. Mzee, heshima yako itumie kumfungulia njia anayeogopa kusimama. Na mwenzako akisema usilolipenda, msikilize mpaka amalize, maana kusikiliza nako ni wema unaojengwa kwa mazoezi.

Hakuna atakayekuja kutusukuma kwa kamba nyekundu. Twende kwa hiari, twende mapema. Chumvi ikipungua, tuseme chungu kikiwa bado mekoni.