Barazani kwa Wazazi: Samatta Alikwenda kwa Vituo



Juma hili tuongee habari ya mpira. Akina mama msigeuze ukurasa, maana jambo lenyewe linagusa shamba na nyumba. Huku kwetu pwani, toka Bunju na Mapinga mpaka Bagamoyo na Saadani, maji yakipwa tu vijana hujaa mchangani kucheza. Wengi wao wana ndoto moja: kucheza Ulaya. Ndoto hiyo si dhambi. Hatari iko kwa yule mgeni anayebisha hodi na maneno matamu, akamwambia baba, “Nipe fedha ya safari, na mwanao atacheza Ulaya mwezi ujao.” Baba akikubali, minazi huuzwa, kiwanja huuzwa, na mtoto aweza kuishia njiani.

Basi, kabla ya kuuza hata mnazi mmoja, tutazame jinsi alivyokwenda Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, Dar es Salaam. Yeye ni Mwislamu, nasi ni Wakristu. Lakini mfano mwema hauna mlango wa dini, na sisi watu wa pwani tumekaa na majirani zetu siku zote.

Samatta alianza na African Lyon hapa nyumbani, kisha akaingia Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, katika mashindano ya vilabu vya Afrika. Wakongo wakamwona kijana, wakamtaka, naye akaenda kwao mwaka huo huo. Angalieni hapo: hakwenda Ulaya, alikwenda Lubumbashi, mji ambao watu wake husema Kiswahili, ingawa si hiki cha kwetu.

Alikaa huko muda gani? Karibu miaka mitano! Vijana wetu wangesema ni kupoteza wakati. Lakini katika miaka hiyo alijifunza kucheza ugenini, mbele ya watu wasiomshangilia, na kula mkate wa kazi yake. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika, na Samatta akafunga mabao 7 katika mashindano hayo. Januari 2016, mjini Abuja, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza ndani ya bara letu. Ndipo mlango wa Ulaya ukafunguka, na waliokuja kumtafuta ni wao.

Klabu ya kwanza huko ilikuwa Genk ya Ubelgiji, nayo si klabu kubwa kupita zote. Akakaa miaka minne. Mwaka 2019 Genk wakawa mabingwa wa nchi yao, na Novemba mwaka huo akafunga bao katika uwanja wa Liverpool. Januari 2020 akanunuliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi 2020 alifunga tena, katika fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley, ingawa Manchester City walishinda 2–1.

Je, hapo ndipo mwisho wa habari, na raha mustarehe? La, hasha. Katika ligi ya Uingereza alipata bao moja tu, na mwaka haujaisha akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Kutoka huko akaazimwa Antwerp, kisha akarudi Genk kwa mkopo, pale pale alipoanzia Ulaya. Wengine wangeona haya. Yeye alifanya kazi. Mwaka 2023 akahamia PAOK ya Ugiriki, na mwaka 2024 wakatwaa ubingwa wa nchi. Mwaka 2025 akaenda Le Havre, Ufaransa. Na katika safari hiyo ndefu hakusahau kwao: ndiye aliyekuwa nahodha Taifa Stars ilipocheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019, baada ya miaka 39 ya kungoja.

Sisi wa Bagamoyo tusione ajabu. Mji wetu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara, na hakuna msafara uliotoka Ujiji leo ukafika baharini kesho. Susi na Chuma na wenzao walipoleta maiti ya Livingstone hapa Bagamoyo, Februari 1874, walikuwa wametembea miezi tisa. Mpagazi aliyekimbia siku ya kwanza alitua mzigo siku ya pili. Aliyefika ni yule aliyekwenda kwa vituo.

Kwa hiyo, wazazi, shikeni haya. Kwanza, sheria ya FIFA hairuhusu mchezaji asiyetimiza miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mtu akimtaka mtoto wa miaka 15, mwulizeni ni kwa sababu ipi, na aonyeshe kwa maandishi. Pili, klabu inayomtaka mchezaji kweli humlipa. Haimwombi babaye auze shamba. Akidai fedha mbele, mwonyesheni njia aliyojia. Tatu, mwacheni kijana aanze karibu: timu ya kijiji, timu ya wilaya, ligi ya nchi. Na asiache shule, kwa kuwa goti moja likivunjika mpira umekwisha, lakini elimu inabaki.

Bwana wetu alimsema yule mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini, kwa hiyo tusiwazuie vijana. Lakini ni yeye pia aliyetufundisha habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba sharti kwanza aketi ahesabu gharama. Leo jioni, baada ya Rozari, kaa na mwanao mhesabu pamoja. Mwulize kituo chake cha kwanza ni kipi. Akijibu “Ulaya,” mwambie habari ya Lubumbashi.