Magunia Bila Mizani

"Masasisho 14 yako tayari." Ndivyo baadhi ya madirisha ya kusasishia programu katika Linux yanavyomwambia mtumiaji, kisha yanamwachia kitufe cha kubonyeza. Kumi na manne yenye uzito gani? Viraka 14 vidogo huweza kuwa megabaiti chache tu kwa jumla. Kifurushi kimoja peke yake, kile kiitwacho linux-firmware, katika Ubuntu 22.04 kinazidi megabaiti 200. Kumtajia mtu idadi na kumficha ukubwa ni kumwuzia magunia usiku, pasipo mizani.

Watetezi wa mtindo huu husema eti tarakimu huwachanganya watu wa kawaida. Nimefundisha walimu miaka mingi, wala sijapata kuona mtu mzima aliyechanganywa na bei. Mama anunuaye bando la siku moja anazijua megabaiti zake kuliko mhandisi ambaye intaneti yake haipimwi.

Wengine hudai kwamba ukubwa haujulikani mpaka kazi ianze. Si kweli. Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na ambao Ubuntu imejengwa juu yake, huandika katika orodha yake ukubwa wa kila kifurushi kwa baiti, pamoja na nafasi kitakayochukua kwenye diski. Ukiandika amri ya apt upgrade, kompyuta hukokotoa vifurushi vyote, hata vile vinavyotegemewa na vingine, hukuambia kiasi cha kupakua, halafu hukuuliza kama waendelea. Basi hesabu ipo! Anayejua amri huonyeshwa. Anayetegemea vitufe hufichwa. Na huu ni mfumo unaojivunia kwamba msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Vifurushi vya aina ya snap vimekwenda mbali zaidi. Kwa kawaida yake, snap hutafuta masasisho mara 4 kwa siku na kuyaingiza bila kumwuliza mwenye mashine. Upo mpangilio wa kuizuia wakati mtandao unapolipiwa kwa kipimo, lakini huo nao huwekwa kwa kuandika amri, na anayeuhitaji zaidi ndiye asiyejua kwamba upo.

Mtu ambaye bando lake limekatika mara mbili kabla ya saa sita mchana hafanyi utafiti. Huzima masasisho yote, na pamoja nayo viraka vya usalama ambavyo huenda visingemgharimu hata megabaiti 5. Mashine inabaki na matundu yaliyokwisha kutangazwa duniani kote, naye mwenyewe huambiwa kuwa ni mzembe. Ninaukataa uamuzi huo. Watengenezaji wa madirisha haya wanayo orodha ileile inayosomwa na apt. Waijumlishe, na jumla iandikwe kando ya kitufe kabla hakijabonyezwa.